Uchoraji wa Mipaka ya Vidakio vya Mito Juu ya Vituo vya Kupimia Maji: Funzo Kutoka Milima ya Kilungu, Nunguni

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchora mpaka wa ardhi inayochangia maji ya mto hadi penye kituo cha kupimia mtiririko. Mfano unaotumiwa ni milima ya Kilungu katika Kaunti ya Makueni, ambako vijito vinavyozaliwa karibu na Nunguni huteremka na kuungana na mito mikubwa. Hoja kuu ni kwamba takwimu ya kituo cha mtoni haina maana hadi ijulikane ni ardhi ipi inayoizungumzia, na kwamba kosa dogo katika mpaka huo huweza kuwapa lawama au sifa wasiostahili. Makala pia yanagusia tatizo la istilahi, hasa neno "bonde", ambalo katika Kiswahili limebebeshwa dhana zaidi ya moja.

1.0 UTANGULIZI

Nunguni ni mji mdogo ulio juu ya milima ya Kilungu, katika eneo bunge la Kaiti, Kaunti ya Makueni. Hadi mwaka 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Ikawa wilaya kamili mwaka huo, na baadaye kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Milima hiyo ina miteremko mikali na mabonde membamba, na nyumba na mashamba yametapakaa kuanzia vileleni hadi kwenye kingo za vijito. Mvua hunyesha kwa misimu miwili: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Wakulima wengi wa Ukambani huitegemea zaidi mvua ya vuli.

Mtu akisimama kwenye mgongo wa mlima mvua inaponyesha, huona jambo ambalo kwa kawaida halitiliwi maanani. Matone mawili yanayoanguka hatua moja tu kutoka kwa mwenzake huweza kuachana milele, au angalau kwa masafa marefu sana. Moja hushuka upande huu, likaingia katika kijito kinachoelekea Mto Kaiti. Jingine hushuka upande wa pili na kufuata njia yake. Mto Kaiti hutelemka kutoka milima ya Kilungu kuelekea upande wa Wote na kuungana na Mto Thwake. Nao Thwake humwaga maji yake katika Mto Athi. Athi nao hupokea Mto Tsavo, hubadilisha jina na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Swali la makala haya ni hili: je, ni mvua ya ardhi ipi hasa inayoufuata mkondo fulani hadi mahali fulani?

2.0 NENO MOJA, DHANA MBILI

Kabla ya kuchora mpaka ni sharti kijulikane kinachochorwa. Katika matumizi ya kila siku, bonde ni sehemu ya chini iliyo baina ya milima. Kwa maana hiyo mkazi wa Nunguni haishi bondeni. Anaishi mlimani, na bonde analiona kwa kutazama chini. Hata hivyo, wataalamu wa maji wanaposema "bonde la Mto Athi" hukusudia ardhi yote ambayo mvua yake huishia katika mto huo, pamoja na vilele vyake. Kwa maana hii ya pili, mkazi wa Nunguni yumo bondeni kabisa ingawa yuko kileleni.

Matumizi haya ya pili yameshakita mizizi katika lugha ya serikali. Nchini Tanzania, usimamizi wa maji umegawanywa katika mabonde tisa, kila moja likiwa na bodi yake. Ofisi ya Bonde la Pangani, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1991. Nchini Kenya, mito imepangwa katika maeneo makuu matano yanayotambuliwa kwa nambari: Ziwa Viktoria ni 1, Bonde la Ufa ni 2, Athi ni 3, Tana ni 4 na Ewaso Ng'iro Kaskazini ni 5. Msimbo wa kituo cha kupimia maji huanza kwa nambari ya eneo lake. Ndiyo maana kituo kinachoanza kwa 3 hujulikana mara moja kuwa ni cha Athi. Tanabahi kwamba eneo la pili linaitwa kwa jina la Bonde la Ufa, ambalo ni bonde kwa maana ya kwanza. Dhana mbili zimekutana katika orodha moja.

Mkanganyiko huu si wa maneno matupu. Kiongozi akiwahimiza watu "kuhifadhi bonde," msikilizaji wa kileleni huweza kudhani kwamba maneno hayo yanawahusu walio chini, wenye mashamba kando ya mto. Kumbe ardhi yake mwenyewe ndiyo mwanzo wa bonde hilo. Kwa sababu hiyo makala haya yatatumia neno "kidakio", linalotumiwa pia katika lugha ya wataalamu wa maji nchini Tanzania, kwa maana ya ardhi yote inayodaka mvua na kuielekeza mahali pamoja mtoni. Neno hilo limetokana na kitenzi "daka", na linabeba wazo lenyewe vizuri. Mstari unaokizunguka kidakio na kukitenganisha na jirani yake utaitwa "kigawamaji".

3.0 KITUO CHA MTONI HUPIMA NINI?

Mfano wa paa la mabati utasaidia. Katika maboma mengi ya Ukambani, maji ya paa hukusanywa kwa mfereji na kuingizwa katika tangi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Anayetaka kujua kama mfereji wake unavuja hana budi kujua ukubwa wa upande wa paa unaomwaga maji katika mfereji huo. Upande wa pili wa paa, ng'ambo ya mgongo, hauhusiki. Akihesabu paa zima ilhali mfereji uko upande mmoja, atadhani kwamba nusu ya maji yake imepotea.

Kituo cha kupimia mto ni sawa na mdomo wa mfereji huo. Mahali pafaapo mtoni husimikwa ubao wenye alama za kina, na msomaji huandika kina cha maji kwa saa zilizopangwa. Vituo vingine huwa na vyombo vinavyojiandikia vyenyewe. Kina pekee hakitoshi. Wapimaji hupima pia upana wa mto na kasi ya maji kwa nyakati mbalimbali, kisha huchora uhusiano baina ya kina na mtiririko. Baada ya hapo, kila kina hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Katika mito ya mchanga ya Makueni na Kitui kazi hii ina ugumu wake, kwa maana sakafu ya mto huhama kila mafuriko yanapopita. Ndiyo sababu mwamba mgumu hupendelewa kuwa mahali pa kuweka kituo.

Ikiwa kituo ni mdomo wa mfereji, basi kidakio ndicho paa. Kwa hiyo takwimu ya kituo haielezi mto wa mahali pale tu. Inaeleza mashamba, barabara, misitu, miji na miamba yote iliyo juu yake. Ni taarifa ya ardhi iliyoandikwa kwa maji.

4.0 HATUA ZA KUCHORA KIGAWAMAJI KWA MKONO

Kazi hii huweza kufanywa kwa ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000, penseli na ifutio. Hatua zake ni hizi:

(i) Kituo kitiwe alama mahali pake halisi, juu ya mstari wa mto na si kando yake. Ithibitishwe kama kiko juu au chini ya makutano ya karibu.

(ii) Vijito vyote vinavyoingia mtoni juu ya kituo vifuatwe hadi vyanzo vyake na kupakwa rangi moja. Vijito vya mito jirani vipakwe rangi nyingine. Kigawamaji kitapita katikati ya rangi hizi mbili.

(iii) Umbo la ardhi lisomwe kwa mistari ya kontua. Pale mistari inapopinda kuelekea juu mlimani, pana bonde. Pale inapopinda kuelekea chini, pana mgongo. Mtu asiyetofautisha hali hizi mbili atachora mpaka wake ndani ya mto.

(iv) Mstari uanzie penye kituo na kupanda upande mmoja, ukizikata kontua kwa pembe mraba, hadi ufike mgongoni. Kutoka hapo ufuate mgongo, kilele hadi kilele, ukipita katika mbonyeo ulio kati yao, kisha uteremke upande wa pili na kurudi kituoni.

(v) Mpaka ujaribiwe. Uchaguliwe mahali popote ndani yake na kuulizwa: tone likianguka hapa, litapita kituoni? Kisha liulizwe swali hilohilo nje ya mpaka. Kigawamaji sahihi hakikati mto wala kijito popote isipokuwa penye kituo.

(vi) Eneo lipimwe. Katika kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ya ardhi. Kwa hiyo sentimita 4 za mraba ni kilomita 1 ya mraba. Karatasi ya miraba inayopenyeza mwanga yatosha kwa kazi hiyo.

Katika milima ya Kilungu, hatua ya (iii) na ya (iv) si ngumu sana, kwani migongo ni mikali na huonekana wazi ramanini. Ugumu huja chini, mito inapotoka milimani na kuingia katika ardhi tambarare, ambako kontua huachana sana na mgongo hauonekani kwa urahisi. Hapo ramani haitoshi; mchoraji hana budi kwenda kuona, na kuwauliza wenyeji maji ya mvua hupitia wapi. Mkulima aliyechimba mtaro wa kuzuia maji yasibebe udongo wake huijua njia hiyo kwa usahihi kuliko ramani yoyote.

5.0 KAZI HIYO KWA KOMPYUTA

Mnamo Februari 2000, chombo cha anga za juu cha Marekani kiitwacho Endeavour kilitumia rada kupima mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia kwa muda wa siku 11. Vipimo hivyo vimeigawa ardhi katika visanduku vyenye upande wa takriban mita 30, kila kisanduku kikiwa na mwinuko wake. Kilomita 1 ya mraba ina visanduku vipatavyo 1,100. Kutokana na vipimo hivyo, ramani za mito na vidakio vya dunia nzima zilianza kutolewa mwaka 2008 kwa jina la HydroSHEDS.

Njia inayotumiwa sana na kompyuta ilielezwa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984. Kila kisanduku kina majirani wanane. Programu huuliza ni jirani yupi aliye chini kwa mteremko mkali zaidi, na maji huelekezwa huko. Kabla ya hapo, vishimo vya uongo vilivyotokana na makosa ya vipimo huzibwa ili maji yasikwame. Kisha huhesabiwa ni visanduku vingapi vinavyochangia kila kisanduku. Vyenye wachangiaji wengi ndivyo mito. Mwishoni mtumiaji huonyesha mahali pa kituo, na programu hurudi nyuma kukusanya kila kisanduku ambacho maji yake hufika hapo. Mantiki ni ileile ya penseli. Kilichobadilika ni kasi.

Hata hivyo, kasi si usahihi. Rada ile iliona vilele vya miti mahali penye msitu mzito, wala si udongo wenyewe. Haikuona makalvati yaliyo chini ya barabara. Zaidi ya hayo, kompyuta hutii alama iliyopewa hata kama alama hiyo imewekwa mahali pasipofaa.

6.0 MAKOSA MAWILI NA GHARAMA ZAKE

Kosa la kwanza ni la mahali pa kituo. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilitungwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya setilaiti hutumia msingi uitwao WGS84. Nambari zilezile za latitudo na longitudo zikisomwa kwa msingi usio wake, alama husogea takriban mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Katika ardhi ya Kilungu, mita 300 zatosha kuutoa mto wote mikononi mwa mchoraji: alama huangukia mteremko wa shamba la mtu, na kidakio kinachopatikana huwa kidogo kama ua. Kosa kama hilo ni rahisi kugunduliwa kwa sababu ni la kuchekesha. Hatari kubwa iko kwenye makutano. Kituo kilichowekwa kwenye Kaiti, juu kidogo ya makutano na Thwake, kina kidakio chake. Alama yake ikisogea na kuvuka makutano, kidakio kizima cha Thwake hadi hapo huongezwa juu yake. Ramani itaonekana nzuri, na kosa halitajulikana.

Kosa la pili ni la mgongo uliokosewa. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mvua ya milimita 40 imenyesha sawasawa juu ya kidakio, na kituo kimepima mita za ujazo 2,000,000 zilizopita kutokana na mvua hiyo. Milimita 1 juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Mchoraji aliyepata kidakio cha kilomita za mraba 200 atagawanya na kupata milimita 10. Yaani, robo ya mvua ilikimbilia mtoni. Aliyepata kilomita za mraba 250 atapata milimita 8, yaani moja ya tano. Maji ni yaleyale, kituo ni kilekile. Kilichobadilika ni penseli.

Tofauti hiyo huwafikia watu. Kuanzia miaka ya 1950, wakulima wa Machakos ya wakati ule, Makueni ikiwemo, walieneza matuta yanayojulikana kama "fanya juu": udongo hutolewa mtaroni na kutupwa upande wa juu wa mteremko, na kadiri miaka inavyopita shamba hujitengeneza kuwa ngazi. Utafiti mashuhuri wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu wa wilaya hiyo iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ulipungua. Je, matuta ya Kilungu yanazuia maji na udongo kiasi gani leo? Mahali pa kulijibu swali hilo ni kituoni. Kidakio kikichorwa kidogo kuliko kilivyo, hesabu itasema kwamba miteremko inamwaga maji ovyo, na jasho la wakulima litaonekana bure. Kikichorwa kikubwa mno, miteremko iliyoachwa wazi itasifiwa bila kustahili.

Uzito wa jambo hili umeongezeka kutokana na Bwawa la Thwake, lililo karibu na makutano ya Thwake na Athi, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Bwawa hilo limebuniwa kuhifadhi mita za ujazo zipatazo milioni 688. Udongo unaotoka katika miteremko ya Kaiti na Thwake unaelekea huko. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo yenye jukumu la kutoa vibali vya kutumia maji, na vyama vya watumiaji maji hupangwa kwa kufuata vijito badala ya kata. Mpaka wa kidakio ndio unaoamua nani ni jirani wa nani katika mashauri hayo.

7.0 PALE KIGAWAMAJI KISIPOTOSHA

Mchoraji mwangalifu hukumbuka pia kwamba maji yana njia nyingine. Kusini mwa Makueni, mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkeno, hupita chini ya ardhi na kuibuka mbali, zikiwemo chemchemi maarufu za Mzima ambazo maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Kontua za juu hazionyeshi safari hiyo.

Njia nyingine hutengenezwa na binadamu. Nairobi iko katika eneo la Athi, lakini sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika bwawa la Ndakaini, ambalo limo katika eneo la Tana. Maji hayo yakishatumiwa huishia katika vijito vya Athi. Hivyo kituo kilicho kwenye Athi chini ya Nairobi hupima, pamoja na mengine, mvua iliyonyesha ng'ambo ya kigawamaji. Kwa kiasi kidogo, jambo kama hilo hutokea hata Nunguni: barabara inayofuata mgongo hukusanya maji ya pande zote mbili, na kalvati moja huyatupa yote upande mmoja. Mambo haya hayabatilishi kigawamaji. Yanadai tu kwamba yaandikwe pembeni mwa ramani, ili atakayeitumia asihukumu bila kuyajua.

8.0 HITIMISHO

Imedhihirika kwamba kuchora mpaka wa kidakio si kazi ya kupamba ramani. Ni hatua inayoipa takwimu ya kituo maana yake. Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya gharama; mwanafunzi wa shule ya upili aweza kuifanya kwa penseli, mradi kituo kiwekwe mahali pake, makutano yathibitishwe na mpaka ujaribiwe kwa miguu. Imeonekana pia kwamba lugha ina sehemu yake. Maadamu "bonde" linaendelea kumaanisha mahali pa chini peke yake, mkazi wa kileleni ataendelea kujiona nje ya habari za mto. Wanaisimu na wataalamu wa maji wana wajibu wa kuafikiana juu ya istilahi zitakazomwonyesha kwamba tone linaloanguka uani kwake Nunguni tayari limo safarini kuelekea Malindi.

MASWALI YA MJADALA

1. Fafanua tofauti kati ya bonde, kidakio na kigawamaji kwa kutumia mfano wa mahali unapopafahamu.

2. Kituo kimepima mita za ujazo 900,000 baada ya mvua ya milimita 30 juu ya kidakio cha kilomita za mraba 150. Ni sehemu gani ya mvua iliyofika mtoni? Jibu litabadilikaje ikiwa kidakio halisi ni kilomita za mraba 100?

3. "Mwenyeji ni mchoraji ramani wa kwanza." Jadili kauli hii kwa kurejelea uchoraji wa vigawamaji katika ardhi tambarare.